Kuhusu makala yenu ya kupima watafiti kwa idadi ya kunukuliwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mchango wa watafiti wa kompyuta niliisoma yote, pamoja na kile kisanduku cha pembeni kilichowapanga kwa kipimo cha h, yaani namba moja inayotokana na wingi wa makala za mtafiti na mara zilivyonukuliwa na wengine. Kisanduku hicho ndicho kilichonifanya niandike. Kazi yangu ni kuunganisha mifumo: wa malipo uelewane na wa stoo, wa stoo uelewane na wa usafirishaji. Katika shughuli hii kuna mwanazuoni ambaye kazi yake naigusa kila mara, na kwa namba zenu hamwezi kumwona sawasawa.

Namzungumzia Sheila McIlraith wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2001, akiwa Stanford, alichapisha pamoja na Tran Cao Son na Honglei Zeng makala kuhusu huduma za wavuti semantiki, yaani huduma za mtandaoni ambazo maana yake imeandikwa ili programu iielewe, katika jarida la IEEE Intelligent Systems. Siku hizo kampuni zilikuwa zimeanza kufungua huduma zao ili programu za wengine zizitumie. Programu iliweza kujua kwamba huduma fulani inapokea maneno mawili na tarehe. Kwamba maneno hayo ni mji wa kuondokea na mji wa kufikia, au kwamba ombi likishatumwa kadi ya benki inakatwa, hayo aliyajua binadamu aliyesoma maelezo. McIlraith na wenzake walitaka yaandikwe kimantiki: huduma inadai nini kabla haijaitwa, na ikishaitwa ni kitu gani kinabadilika. Hapo programu yenyewe ingetafuta huduma, ingezipanga na kuziendesha. Mwaka uliofuata yeye na Son waliichukua Golog, lugha ya kimantiki ya kuongoza roboti iliyobuniwa Toronto na kina Hector Levesque na Ray Reiter, wakaitumia kupanga safari ya kwenda kwenye mkutano. Lugha ya roboti kukabidhiwa tiketi za ndege! Mpaka leo naliona ni wazo la kijanja.

Sasa tuje kwenye kipimo. Jorge Hirsch, mwanafizikia, alikipendekeza mwaka 2005: mtafiti mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40. Makala ile ya 2001 imenukuliwa mara maelfu, lakini ndani ya h inahesabiwa kuwa makala moja tu, sawa na nyingine iliyovuka mstari kwa nukuu moja. Kwa hiyo kazi iliyofungua uwanja mzima ndiyo inayomezwa na namba mliyoichapisha kwa wino mzito.

Msidhani basi nawaomba mhesabu nukuu zote kwa jumla. Hizo nazo zina uongo wake. Mtu akizitazama ataamini kwamba ndoto ile ilitimia, na haikutimia. OWL-S, lugha ya kueleza huduma iliyotokana na juhudi hizo, ilipelekwa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2004 kama pendekezo na haikuwahi kuwa kiwango rasmi. Kilichopitishwa mwaka 2007 ni SAWSDL, njia nyepesi zaidi ya kuongeza alama za maana kwenye maelezo ya huduma. Orodha za wazi za huduma, zile za UDDI zilizoendeshwa na IBM, Microsoft na SAP, zilifungwa mwaka 2006. Sisi wa viwandani tulikimbilia njia rahisi, na sababu haikuwa ujinga. Nani atalipwa kuandika mantiki ya huduma yenye mteja mmoja, ambaye namba yake ya simu unayo? Wakati huo huo nukuu ziliendelea kumiminika, nyingi zikiwa ni ile sentensi ya utangulizi ambayo kila mwandishi humwazima mwenzake.

Lakini swali la McIlraith limerudi kwa mlango mwingine. Programu za akili unde zinazojengwa sasa hupewa orodha ya zana, kila moja na maelezo yake, nazo huchagua ipi itumike na kwa mpangilio upi. Maelezo huandikwa kwa maneno ya kawaida badala ya mantiki. Katika mradi mmoja niliona programu ya namna hiyo ikituma oda ile ile mara mbili, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuiita ile zana kunabadilisha kitu. Tuliandika upya maelezo ya zana zote: masharti ya kabla, matokeo ya baada. Ni mgawanyo ule ule wa 2001. Sisemi waliobuni mifumo hii mipya walimsoma. Mimi nilimsoma, na katika msimbo wangu hakuna mahali pa kumnukuu. Wako wengi kama mimi, na hakuna hazina ya nukuu inayotuona.

Yeye mwenyewe hakubaki hapo. Mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa walioleta njia ya kueleza kwa muundo wa wazi kile ambacho mashine inayojifunza inatuzwa kwacho, badala ya kuiacha ibahatishe. Mkono ni ule ule, ingawa sidhani kisanduku kingeonyesha uhusiano huo.

Mkiandika tena juu ya mtafiti yeyote, tafuteni watu wawili wa kuzungumza nao: mmoja aliyejaribu wazo lake kazini likamshinda, na mmoja anayelitumia leo. Wachapisheni juu ya namba, kwa herufi kubwa kuliko za namba.

Wenu,
Msanidi wa mifumo