Mdai aarifiwe mwenyewe kabla shauri lake halijafutwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza wananchi wanaofungua mashauri ya madai mahakamani, nalo ni kufutwa kwa shauri kwa sababu mdai hakuhudhuria.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri ya IX, inaelekeza kwamba shauri likiitwa kwa ajili ya kusikilizwa, mdaiwa akawapo na mdai asiwepo, mahakama italifuta, isipokuwa kama mdaiwa anayakubali madai. Baada ya hapo mdai hawezi kufungua shauri jipya juu ya madai yale yale. Njia iliyobaki ni kuomba amri ya kulifuta shauri itenguliwe kwa kueleza sababu ya kutosha ya kutofika, na Sheria ya Ukomo, inayopanga muda wa mwisho wa kufungua mashauri na maombi, imempa siku 30 tu. Pande zote mbili zisipofika, shauri hufutwa vilevile, ila hapo mdai anaweza kufungua upya iwapo muda wa ukomo haujapita, ambao kwa madai ya mkataba ni miaka 6.

Silalamikii kanuni yenyewe. Mdaiwa anayeitikia wito kila tarehe hupoteza nauli, siku ya kazi na ada ya wakili, na si haki aburuzwe miaka nenda miaka rudi na mtu aliyekwisha kulitelekeza shauri lake. Ibara ya 107A ya Katiba inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na katazo hilo linamlinda yeye pia.

Ninacholalamikia ni kwamba mdai aliyeweka wakili mara nyingi huwa mtu wa mwisho kujua. Namfahamu mfanyabiashara wa mbao aliyefungua shauri kudai fedha za mzigo aliokuwa amekwisha kuukabidhi, akaambiwa na wakili wake aendelee na shughuli zake, ataitwa siku ya kutoa ushahidi. Siku ilipofika karani aliliita shauri, wakili wa mdaiwa akasimama, na upande wa mdai hakukuwa na mtu. Yeye alikuwa dukani kwake, mwendo wa dakika chache tu kutoka mahakamani, akipima mbao. Habari za kufutwa kwa shauri alizipata kwa mdaiwa mwenyewe walipokutana sokoni, siku 30 zikiwa zimekwisha kupita. Sasa inambidi kwanza aombe kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, ndipo aombe shauri lirejeshwe, ilhali Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda wala hakuwa na namna ya kulijua.

Wenzetu wa Kenya, katika Agizo la 17 la kanuni zao za mashauri ya madai, wameweka utaratibu kwamba shauri likikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaandikia wahusika notisi wajieleze kwa nini lisifutwe. Hali yao na yetu hazilingani kabisa, kwa kuwa wao hapo wanazungumzia shauri lililolala na mimi nazungumzia mdai asiyefika siku moja, lakini msingi wa kumpa mtu nafasi ya kujieleza kwanza ni uleule.

Mahakama yetu imekwisha kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Naiomba ihakikishe kwamba namba ya simu ya mdai mwenyewe inaingizwa siku ya kusajili shauri, hata kama ana wakili. Apelekewe ujumbe kabla ya kila tarehe ya kusikilizwa. Na shauri likifutwa, ajulishwe siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, kwamba limefutwa na kwamba ana siku 30 za kuomba lirejeshwe.

Msomaji wako,
Morogoro