Barua kwa Rukia Kuhusu Bandari za Quaker City

Rafiki yangu mpendwa Rukia,

Baada ya salamu, natumaini wewe na watu wote wa nyumbani hamjambo. Uliniuliza meli za matembezi za karne ya 19 zilitia nanga wapi katika Bahari ya Mediterania. Ningeweza kukuorodheshea bandari, lakini orodha ya namna hiyo ingekuficha jambo lililo kubwa kuliko yote: meli hizo hazikwenda zilikotaka, bali zilikoruhusiwa. Kwa hiyo nitakueleza safari moja tu, ile ya Quaker City, merikebu ya moshi yenye magurudumu ya ubavuni, iliyong'oa nanga New York mwezi wa Juni 1867 chini ya Nahodha Charles Duncan. Nauli ilikuwa dola 1,250 kwa kila abiria. Mmoja wao alikuwa Samuel Clemens, anayejulikana zaidi kwa jina la Mark Twain, ambaye nauli yake ililipwa na gazeti moja la San Francisco ili alipelekee barua za safari. Mengi tunayoyajua yametoka kwake, nawe uyasome ukikumbuka kwamba bwana yule alipenda sana mzaha.

Walipita visiwa vya Azores, wakafika Gibraltar, na baadhi yao wakavuka mlango wa bahari kwenda kuitazama Tangier. Mwanzoni mwa Julai waliingia Marseille, ambayo kwa wengi haikuwa zaidi ya njia ya kwenda stesheni, kwa maana walipanda garimoshi kwenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ule, na huko wakamwona Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, akiwa pamoja na Sultani Abdülaziz wa Uturuki. Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo: wiki chache tu kabla yao, Sayyida Salme binti Said wa Unguja, akiwa ndiyo kwanza ameolewa Aden mwishoni mwa Mei, alipitia Marseille hiyohiyo akielekea Hamburg. Kila nikiutazama mwaka 1867 humfikiria yeye kwanza, kabla ya Wamarekani wale.

Kuhusu Genoa, bandari ya Italia, sina mengi ya kueleza. Livorno, iliyo Italia pia, kinyume chake inachekesha, kwa kuwa wakuu wa bandari hawakusadiki kwamba meli kubwa kiasi kile ingeweza kuvuka Atlantiki kwa ajili ya kuwatembeza mabibi na mabwana tu. Walishuku kwamba kulikuwa na njama inayomhusu Garibaldi, yule mwanamapinduzi wa Italia, wakaiweka chini ya ulinzi. Usiwacheke mno. Meli ya abiria wasio na biashara, wasiohama na wasiokwenda kuhiji ilikuwa kitu kigeni kabisa, na askari wa bandari hana budi kumwuliza mgeni anataka nini.

Lakini aliyetawala safari ile hakuwa askari, alikuwa daktari wa bandari. Kipindupindu kilikuwa kimeenea baina ya mahujaji huko Makka mwaka 1865, kikapita Misri na kusambaa katika bandari za Mediterania kwa meli zilezile za mvuke zilizosifiwa kwa kasi yake. Na wimbi hilohilo ndilo lililofika hadi Unguja mwaka 1869. Ndiyo sababu kila mji ulijilinda kwa namna yake. Huko Bellagio, penye ziwa Como, wasafiri waliokwenda kwa nchi kavu walifungiwa chumbani wakafukizwa moshi. Napoli waliofika kwa garimoshi kutoka Roma walitembea mjini watakavyo, ilhali wenzao waliobaki melini walikaa karantini wakiutazama mji kwa mbali.

Piraeus, bandari ya Athene, ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Waliambiwa wachague: karantini ya siku 11 au waondoke, na nahodha akaamua kuondoka kesho yake. Fikiri mtu aliyevuka bahari nzima ili aione Athene, naye anaiona Akropolisi, kilima chenye mahekalu ya kale, kutoka sitahani tu! Clemens na wenzake watatu walishuka kwa siri usiku, wakatembea kwa miguu hadi mjini huku wakichuma zabibu za watu njiani, wakaliona hekalu la Parthenoni kwa mbalamwezi, wakarudi kabla hawajakamatwa. Lilikuwa kosa, na ninadhani Wagiriki walikuwa na haki ya kuwazuia, ila nakiri ningetamani kuwa mtu wa tano.

Baada ya Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, waliingia Bahari Nyeusi. Sevastopol ilikuwa bado magofu tangu vita vya Krimea, na Odessa waliifuata hasa kwa ajili ya makaa ya mawe. Karibu na Yalta, mwezi wa Agosti, Tsar Alexander II wa Urusi aliwapokea kwa ukarimu, jambo lisiloshangaza sana ukikumbuka kwamba mwaka uleule aliiuzia Marekani Alaska. Kutoka Smyrna, ndiyo Izmir ya leo, reli iliwafikisha Efeso. Kutoka Beirut baadhi yao walipanda farasi kupitia Dameski hadi Yerusalemu, na meli ikawangoja Yafa, mahali ambapo wakati ule miamba ilizilazimisha meli kukaa mbali na watu kushushwa kwa mashua. Hapo waliwapakia Wamarekani wapatao 40, masalia ya kundi lililotoka Maine, jimbo la Marekani, kuja kuanzisha makazi na kushindwa, wakawafikisha Aleksandria. Moses Beach, mwenye gazeti la The Sun, ndiye aliyewalipia waliosalia safari ya kurudi kwao.

Kuitembelea Misri kuliwaponza. Walipoondoka Aleksandria mwezi wa Oktoba hakuna aliyetaka kuwakaribisha, kwa hofu ya kipindupindu: Malta iliwakataa, Sardinia ikawakataa, na Algiers, na Malaga, kisha Cadiz, hata Madeira huko nje Atlantiki. Ni Gibraltar pekee iliyowafungulia katika bahari ile, na baada yake walishuka Bermuda tu, hadi walipofika New York tarehe 19 Novemba.

Ukitaka, barua ijayo nitakueleza mfereji wa Suez, uliokuwa bado unachimbwa walipopita Misri. Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Zuhura