Barua kwa Baba Neema kuhusu gari la safari

Lang'ata, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ya Julai, ambayo wewe wa Mombasa umekwisha kuisahau. Barua yako nimeipata pamoja na zile picha sita za Toyota Prado unayotaka kuinunua, na nilipoziona nilielewa mara moja kwa nini usingizi umekupaa. Mtu ambaye kwa miaka yote hii amekuwa na hamu ya kuwafikisha Mama Neema na mtoto kwenye Ziwa Turkana kwa gari lake mwenyewe hawezi kuangalia picha kama zile akabaki na akili timamu: winchi mbele, taa nane juu, hema lililokunjwa kwenye karia, jerikeni mbili nyekundu na bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi paani. Uliniuliza kama utume arubuni. Nakusihi usitume hata shilingi moja. Jana nilikwenda kuiona, nikiwa na fundi yuleyule aliyenihudumia tangu nilipokuwa na lile Land Rover la kwanza, na nimeona heri nikueleze kwa kirefu tulichokikuta.

Usiku wa kuamkia jana nilimpigia muuzaji simu, nikamwomba asiwashe injini kabla hatujafika. Tulifika saa tatu asubuhi, nikaweka kiganja juu ya boneti, nikakuta ina joto. Injini ya dizeli iliyolala usiku kucha haiwezi kuficha hali yake inapoamshwa. Ikiwa mgandamizo wa silinda umepungua au nozeli zimechoka, itasumbua kuwaka, itatikisika na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, ilhali ukiikuta imekwisha kupashwa moto itakunyamazia kwa adabu. Fundi hakusema neno. Alinivuta tukanywe chai kwenye kibanda kilicho ng'ambo ya barabara, tukakaa huko karibu saa mbili, na tuliporudi injini ilikuwa imepoa kiasi cha kufungua kifuniko cha rejeta bila hatari. Ndani ya maji mlikuwa na utando wa mafuta. Prado hiyo ina injini ya turbo ya lita 3 iitwayo 1KZ-TE, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa udhaifu mmoja: ikichemka, kichwa cha silinda hupasuka. Mafuta kwenye maji hayathibitishi kwamba kichwa kimepasuka, kwa kuwa yanaweza pia kutoka kwenye gasketi, lakini mimi nisingelipia nafasi ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kisha akaingia chini ya gari. Chesisi yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, na hakuna sababu ya kupaka rangi uvungu wa gari lenye umri ule isipokuwa mtu ana jambo asilotaka lionekane. Fundi alichukua mpini wa bisibisi akawa anagonga pole pole kuelekea nyuma. Chuma kizima hulia. Pale juu ya ekseli ya nyuma kilitoa sauti ya debe bovu. Wewe unajua chumvi ya bahari inavyokula mabati ya nyumba zenu huko, lakini usidhani kwamba kutu ni ya pwani peke yake, kwani yapo magari yaliyotembea kwenye barabara za Japani zinazonyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, yakashuka bandarini Kilindini yakiwa yameanza kuoza kitambo. Hata zile herufi za KAT kwenye namba yake zinakuambia tu kwamba lilisajiliwa Kenya kipindi fulani, wala hazikuambii lilitengenezwa lini. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, gari kama hili limekuwa kwenye mikono ya Wakenya kwa muda mrefu, na historia yake yote ya karibuni imo humu humu nchini, kwa anayetaka kuiuliza.

Matairi yalikuwa na meno marefu na mazuri, nami karibu nidanganyike. Lakini ukutani mwa kila tairi pana tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka, na haya yaliandikwa 2213. Yametengenezwa mwaka 2013. Mpira wake ulikuwa na nyufa ndogo ndogo, na tairi la namna hiyo likikutana na mawe makali ya volkano yaliyotapakaa njia ya kuingia Loiyangalani, ukuta wake utachanika kama kanga kuukuu. Zile taa nane nazo zilivutiwa nyaya moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, zikasokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Huo ni moto unaosubiri siku yake.

Naona unanuna. Utasema kwamba vifaa vile peke yake vina thamani kubwa, na kwamba kuvinunua kimoja kimoja kutakumaliza. Hiyo ndiyo hesabu muuzaji anayotaka uifanye. Vifaa vile vilichaguliwa na mtu mwingine kwa safari zake, na ninashuku vingi vilichaguliwa kwa ajili ya maegesho ya hoteli. Isitoshe, vina uzito, na uzito ndio jambo nililojifunza kwa aibu.

Unakumbuka nilivyokwambia kwamba safari yangu ya kwanza ya kaskazini ilikatishwa na "hitilafu ndogo". Sikukwambia hitilafu yenyewe. Nilikuwa nimepakia kwenye karia tairi mbili za akiba, jerikeni nne za dizeli, sanduku la vyuma na kuni nilizonunua Maralal kwa sababu zilikuwa bei nafuu. Baada ya Baragoi barabara ilikuwa na yale mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari hadi meno yanagongana, na kilomita chache kabla ya South Horr tulisikia mlio kama wa bunduki. Kibapa kikuu cha springi ya nyuma kilikuwa kimekatika vipande viwili. Kijana mmoja pale kijijini alitufungia ekseli kwa kipande cha mti na waya, kazi ambayo sijaona fundi wa mjini akiiweza, tukarudi Maralal kwa mwendo wa punda, siku nzima. Niliporudi Nairobi nililipeleka gari kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu kule Industrial Area, likiwa limepakiwa vilevile, nikakuta nimepita kwa mbali uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji.

Hebu tupige hesabu ya Prado yako kabla hamjapanda. Maji lita 40 ni kilo 40. Dizeli lita 40 ni kama kilo 34. Bampa la chuma pamoja na winchi lisipofika kilo 90 litakaribia. Hema la juu ni kilo 60 hivi, tairi la pili la akiba na rimu yake kilo 35, betri ya pili kilo 28, droo na friji tuseme kilo 70. Umekwisha kupita kilo 350, na Mama Neema hajaweka hata sufuria. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu au nyuma, na gari lenye mzigo juu, likipita kwenye mteremko wa ubavuni, hupinduka mapema kuliko dereva anavyodhani.

Sasa nikwambie habari ya gari la pili, ambalo hukuniuliza. Shamba moja la maua huko Naivasha linauza Land Cruiser ndefu ya mfululizo wa 78, ile yenye milango miwili mbele na milango ya kufunguka nyuma. Ni nyeupe, imekwaruzwa pande zote mbili, viti vyake vimechakaa na ndani inanuka mbolea. Haina taa hata moja ya ziada. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ukubwa wa cc 4,164, isiyo na turbo na yenye pampu ya kimakanika, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1990. Sitakuficha ubaya wake. Ni nzito kupanda mlima, ina kelele, na inakunywa. Yangu ya aina hiyo haijawahi kunipa zaidi ya kilomita 8 kwa lita nikiwa na mzigo. Lakini hakuna mji wenye gereji kuanzia Isiolo hadi Lodwar ambako utakosa mtu aliyewahi kuifungua, na spea zake zimejaa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ingawa huko nenda na mtu anayeweza kutofautisha beringi halisi na ya bandia. Muhimu kuliko yote, shamba lina daftari la huduma: kila mara oili ilipobadilishwa imeandikwa, na mkanda wa taimingi, ambao fundi wangu hubadilisha kila baada ya kilomita 100,000, umeandikwa pia. Tuliiwasha ikiwa baridi kama jiwe. Ilikohoa moshi mweusi kidogo, ikatulia.

Karatasi nitazishughulikia upesi: tutatafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, tulinganishe namba ya chesisi na ya injini kwa macho yetu, tuhakikishe hakuna benki iliyoandikwa pamoja na mwenye gari kwenye kitabu. Kwa kuwa muuzaji ni kampuni, atakayetia saini ni lazima awe ameruhusiwa na kampuni yake kwa maandishi.

Ukikubali kulinunua, nakuomba uweke kando robo ya fedha zako usiiguse mpaka gari liwe letu, kwa maana fedha hiyo ndiyo itakayolifanya gari la safari. Nitaanza kwa mambo ambayo hutayapiga picha: oili zote za injini, giaboksi na difu, mipira yote ya maji, mikanda, beringi za magurudumu, breki. Kisha matairi matano mapya ya kutembea njia zote, si yale ya matope yenye meno makubwa, maana sehemu kubwa ya safari yako itakuwa lami na murram, na kompresa ndogo ya kujazia upepo. Hiyo kompresa ni bora kuliko winchi kwako. Ukishusha upepo hadi psi 18 kwenye mchanga, tairi hulala na kutanuka, gari likapita mahali ambapo lingezama. Lakini bila kifaa cha kuurudisha hutathubutu kuushusha. Baada ya hapo springi za nyuma zinazolingana na mzigo halisi, sepetu mbili, kamba ya kuvutana inayonyumbuka na shakeli nzuri, na sehemu imara za kuifunga mbele na nyuma. Kamwe usiifunge kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia tela, kwani kikikatika huruka kama risasi. Betri ya pili iwe na kitenganishi chake, ili friji isinyonye ile ya kuwashia. Hili nililijifunza Kalacha, nikasukumwa na watu wa lori la mbuzi. Hema nunua la kulaza chini, na mtalala humo humo garini mvua ikinyesha.

Bomba la hewa la ubavuni silipingi, kwa kuwa huvuta hewa juu ya vumbi na filta hudumu zaidi, ila linaweza kungoja mwaka ujao. Na tafadhali usiniletee mfano wa magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya porini. Yale yameundwa kutafuta vituo 13 kwa saa 10, na mengi yake huja na kurudi nyumbani yakiwa juu ya malori.

Kabla ya Turkana tutalijaribu Magadi. Ni kama kilomita 110 tu kutoka hapa, lakini kutoka Corner Baridi barabara hushuka kutoka kwenye ubaridi wa kando ya vilima vya Ngong hadi chini kwenye ziwa, mita zipatazo 600 juu ya bahari, mahali ambapo joto la adhuhuri hukausha mate mdomoni. Kushuka kutazipima breki; kurudi ule mlima saa nane mchana, mkiwa na mzigo kamili, kutaipima rejeta kuliko gereji yoyote. Tukikwama, tutakwama karibu na nyumbani. Likipita salama, tutazungumza habari za Marsabit na jangwa la Chalbi, tena baada ya kuhakikisha mvua haijanyesha, kwa sababu tope la lile ziwa lililokauka halimwachii mtu.

Wenye shamba wamenikubalia wailinde hadi Jumamosi bila arubuni. Panda treni ya Ijumaa alasiri, nitakupokea stesheni ya Syokimau, na asubuhi tutashuka Naivasha sisi watatu na fundi. Njoo na nakala ya kitambulisho na ya PIN yako ya kodi, na uvae nguo ambazo Mama Neema hatakulaumu zikichafuka, maana safari hii wewe ndiye utakayelala chini ya gari. Nisalimie nyumbani wote, na umwambie Neema kwamba kiti cha katikati mbele nimemwekea yeye.

Nduguyo wa tangu darasa la tano,
Baba Kheri