Mkono wa Tendaguru

Lindi, Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na korosho tumeanza kuokota.

Umeniandikia kwamba mwanao amekutana na jina Brachiosaurus, la dinosaria mmoja wa kale, akakuuliza hilo "brachio" la mwanzo ni nini, ukamjibu huenda ni Kiingereza. Ni Kigiriki, Somoe. Brakhion ni mkono, hasa kutoka begani hadi kwenye kiwiko. "Saurus" ni mjusi. Basi huyo ni mjusi-mkono.

Atakuuliza mnyama ana mkono wapi. Muulize naye: mbuzi akichinjwa hapo Newala, mguu wa mbele si mnauita mkono? Mmarekani Elmer Riggs, aliyelitunga jina hilo mwaka 1903 kwa mifupa iliyopatikana Colorado, alishangazwa na mfupa huohuo. Wanyama wa jamii ile kwa kawaida miguu ya mbele ni mifupi. Huyu mkono wake haukuwa mfupi kuliko paja. Alisimama kama twiga, mabega juu.

Ila mwanao asichanganye brachio na brachy. Brachy ni fupi. Na tena, wajuzi wa Kigiriki wengi husema mkono ulipata jina lake kutokana na ufupi huo, kwa kuwa sehemu ya juu ni fupi kuliko ya chini. Nimelifikiria hili wiki nzima: mnyama wa mkono mrefu vile, jina lake limechipuka kwenye ufupi!

Na wa kwetu je? Mwaka 1909 hadi 1913 watu wa makumbusho ya Berlin walichimbisha Tendaguru, huku Lindi. Waliochimba ni wazee wetu, msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini. Mfupa mmoja tu wa mkono unapita mita 2, Somoe, unampita mtu mzima kimo! Mwaka 1914 Werner Janensch, mmoja wa watu hao wa makumbusho, akamwita mnyama huyo Brachiosaurus brancai. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, lakini yuko kulekule Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Inaniuma kwamba watoto wetu humwona kwenye picha tu.

Likizo ya Desemba mlete mtoto. Nitamfundisha na Kentrosaurus, naye wa Tendaguru: kentron ni ncha kali, na miiba alikuwa nayo mpaka mkiani.

Nisalimie mama.

Wako,
Zainabu