Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bei ya Simu na Intaneti za Maduka Yetu

Ndugu wanachama,

Ada zimeingia vizuri mwaka huu, na mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba tuzungumzie simu na intaneti.

Hoja inayonipa wasiwasi ni hii: kwamba eneo likishapata kampuni mbili, mdhibiti wa mawasiliano, yaani TCRA, aachie bei, soko litajirekebisha. Kamati yenu haiafiki. Pale Kariakoo kuna ghorofa ambalo ngazini limefungwa boksi moja tu la faiba, waya wa intaneti, la kampuni moja. Mwanachama wetu anayeuza vitenge ghorofa ya tatu alipandishiwa malipo ya mwezi, akapiga simu kampuni ya pili, ile yenye bango barabarani. Akajibiwa jengo lake halijaunganishwa. Kwenye makaratasi eneo lake lina ushindani. Dukani kwake haupo, na mashine ya risiti inataka intaneti kila siku.

Wakubwa kwa umri mnakumbuka. Mwaka 2001, asilimia 35 ya hisa za TTCL, kampuni ya simu ya taifa, zilipouzwa, kampuni hiyo ilibakiziwa simu za mezani huku bara peke yake hadi 2005. Simu za mkononi zilikuwepo tangu kampuni ya Mobitel ilipoanza 1994, lakini mwenye duka aliyetaka laini ya faksi hakuwa na pengine pa kwenda.

Marekani walifungua soko la simu za ndani kwa sheria ya 1996. Washindani wengi wakaingia kwa kukodi nyaya za kampuni zilezile walizoshindana nazo, na anayekukodisha waya ndiye anayeshika pumzi yako. Mwaka 2005 SBC, moja ya kampuni saba za mikoa zilizotokana na kuvunjwa kwa kampuni kubwa ya simu, AT&T mwaka 1984, ikainunua AT&T yenyewe.

Usimamizi una faida tunayoiona. Gharama ya kuunganisha simu kati ya mitandao, ambayo kampuni hulipana zenyewe, ilishuka Januari 2018 kutoka shilingi 26.96 kwa dakika hadi 15.60 kwa sababu TCRA iliipangia kikomo. Sioni kampuni kubwa ambayo ingeishusha kwa hiari.

Msimamo wetu: bei isiachiwe mpaka mteja aweze kweli kuhama akiwa palepale alipo. Tutaupeleka TCRA kwa maandishi. Leteni ofisini ankara zenu za miezi mitatu, na kila mmoja aandike jina la jengo lake na kampuni ngapi zimeingiza waya humo.