Kitana cha njukuti si ufagio

Auckland, New Zealand

Dadangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Habari ya deni la bati nimeipata. Nusu ya fedha nimetuma, nusu mwisho wa mwezi, na fundi asinipigie simu tena usiku wa manane.

Kilichonikera ni kaka. Kitana kimelegea tu, naye akaandika mbele ya ukoo mzima kwamba nimevuka bahari zote hizo nikamletea Bi Mkubwa "ufagio uliokatwa"! Kitana kile ni cha Kisamoa, cha njukuti, vile vijiti vya katikati ya majani ya mnazi. Nimekifunga kwa mikono yangu, na kwenye gulio la Otara hapa Auckland watu wa visiwa vya Pasifiki wenyewe walikigeuza wee wasione pa kukosoa. Wasamoa hukiita selu, Watonga helu, na Wamaori, wenyeji wa huku New Zealand, heru. Sauti zinapishana kama njia na ndia kwetu. Wamaori walichonga chao kipande kimoja, cha mti au mfupa wa nyangumi, wakubwa wakakichomeka kwenye fundo la nywele. Cha njukuti ni cha Samoa na Tonga, na vya Tonga vilivyochukuliwa kwenye safari za nahodha Mwingereza Cook karne ya 18 vimehifadhiwa makumbusho ya Ulaya hadi leo. Mwambie kaka, huo ndio ufagio.

Na hakikulegea kwa ubovu. Mmekirowesha mkakianika juani, sivyo? Ujukuti ukinywa maji huvimba ukautanua uzi. Ukikauka hunywea, uzi ukabaki unapwaya. Kifungue chote ukifunge upya. Vifaa viko nyuma ya jiko lako.

Chukua njukuti za kuti lililokomaa, uzikwangue kwa kisu, uzikaushe kivulini wiki mbili. Usifunge mbichi hata kidogo, maana zitanywea ndani ya uzi na utarudi pale pale. Chagua 18 zinazolingana unene, kama milimita 3 upande wa shinani, uzikate sentimita 16. Hapa ndipo wengi hukosea: upande mnene uwe chini, kwenye meno. Ukiuweka juu, meno yatakuwa membamba, yatabanana na kukatika.

Uzi ni wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi kwao Samoa hulowekwa kwenye maji ya bahari, yamekandamizwa mawe, kisha hupondwa na kusokotwa pajani, yaani kazi ile ile ya bibi zetu. Unaotaka wewe ni mwembamba, usizidi milimita moja. Ukiwa mnene kitana kitakuwa jamvi. Uloweshe kidogo tu uwe laini.

Kunja uzi katikati, uuvishe ujukuti wa kwanza sentimita moja kutoka juu. Ncha moja ipite mbele, nyingine nyuma, zipishane katika kila nafasi, uvute hadi zilie. Ukifika mwisho geuka, safu chini ya safu, ukizisukuma kwa mgongo wa kisu zisiache mwanya, mpaka ufikishe sentimita 6. Safu ya mwisho ndiyo inayopanga meno: kwa nywele za Bi Mkubwa pishanisha mara mbili kila nafasi, la sivyo zitang'oka. Watonga huchanganya uzi mweusi wakatoa michirizi ya pembe pembe. Wewe usianze na madoido.

Meno uyachonge mwisho, baada ya kufunga, ndipo yalingane. Ncha iwe butu kama ya kijiti cha mshikaki kilichotumika, uipige msasa. Zamani watu wa visiwa hivyo walitumia ngozi ya samaki taa. Kikichafuka, kitambaa chenye mafuta ya nazi kinatosha. Maji marufuku! Na kama kuna atakayekuletea ng'amba, gamba la kasa, akisema kitana cha ng'amba ndicho cha thamani, mkatae. Biashara yake imepigwa marufuku, ni kesi.

Hapa mnazi hauzai kwa baridi. Usumba naletewa na jirani akirudi Samoa, na kila nikiufungua hunijia harufu ya makumbi ya pwani yetu, nikakaa nao kidogo kabla ya kuanza kusokota.

Ndiyo maana habari ya minazi ya Msambweni sikuipenda. Kaka asikate hata mmoja mpaka tuzungumze sote, na Shangazi awepo. Zile hesabu zake za mbao mimi sikuzikubali.

Bi Mkubwa umpe mkono. Ukimaliza nitumie picha ya upande wa nyuma, uzi mbovu hujificha huko.

Nduguyo