Kwa nini Coccinelle yako tunaifunga mara mbili

Wateja wengi wenye Coccinelle, ile Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa mviringo, wakishika fakture yetu (karatasi ya malipo), macho husimama kwenye mstari ulioandikwa "kufunga kavu", yaani kurudisha pamoja vipande vyote vya gari kabla ya rangi. Wanauliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini nilipie kufunga gari ambayo mtaifungua tena ili ipigwe rangi, halafu mnilipishe kuifunga mara ya pili? Garajini tunawajibu mmoja mmoja. Leo tumeona afadhali tuandike jibu zima, kwa ajili yao na kwa ajili ya kila papa na mama wa Lubumbashi mwenye Volkswagen iliyolala vipande vipande ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba), bodi juu ya matofali, injini chini ya turubai, bolti zote ndani ya makopo ya maziwa.

Kufungua gari ya zamani hakumshindi mtu. Kijana wa nyumbani mwenye spana ya 13 na ya 17 anaimaliza katika wikendi moja ya kiangazi. Kuirudisha ndiko kunakowakwamisha watu. Gari nyingi tunazoitwa kuziona Katuba, Kampemba au Ruashi hazikufia barabarani. Mwenyewe alizifungua kwa moyo mzuri, akapeleka bodi kwa fundi wa rangi, bodi ikarudi inang'aa kama kioo, na siku ya kuirudisha juu ya shasi mlango ukakataa kufunga. Hapo anasukuma, anagonga, anapinda bawaba, rangi mpya inapasuka pembeni, na mradi mzima unaishia hapo. Familia inazoea kuanika nguo juu yake.

Sababu iko katika jinsi Coccinelle ilivyoundwa. Chini kuna sakafu ya chuma yenye tuneli katikati. Hiyo ndiyo inayobeba magurudumu, gia na injini. Juu yake inaketi bodi, imeshikwa kwa bolti zinazozunguka ukingo wote, na katikati ya viwili hivyo kuna mpira mrefu wa kuzuia maji. Sakafu peke yake inalegea. Bodi peke yake inalegea zaidi. Ugumu wa gari unapatikana viwili hivyo vikishakazwa pamoja. Kwa hiyo nafasi unayoiona kati ya mlango na nguzo wakati bodi iko juu ya matofali si nafasi ya kweli. Weka mpira, kaza bolti zote, utaona mlango unapanda au unashuka mbele ya macho yako.

Mahali panapooza kwanza ni mihimili ya pembeni, ile iliyo wazi ndani, inayopitisha hewa ya moto chini ya milango. Maji ya mvua yanaingia, vumbi letu jekundu linayashika humo humo, na kutu inakula kutoka ndani. Mihimili hiyo ndiyo mgongo wa bodi. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni fundi kuikata yote miwili, kushoto na kulia, bodi ikiwa imetolewa na milango imewekwa kando. Akishakata, hakuna tena kinachomwambia bodi ilikuwa na umbo gani. Anachomelea mihimili mipya mahali inapoonekana kukaa vizuri, na kumbe bodi imeshajikunja milimita sita au saba. Kwa macho huzioni. Mlango unaziona.

Sisi tunafanya hivi: bodi inabaki imefungwa juu ya sakafu, milango inabaki kwenye bawaba zake, tunaweka vyuma vya kushikilia kutoka nguzo hadi nguzo, ndipo tunakata upande mmoja tu. Tukishachomelea huo na kufunga mlango wake mara kadhaa, tunahamia upande wa pili.

Baada ya kuchomelea ndipo inakuja kufunga kavu. Gari bado ni chuma kitupu na rangi ya msingi. Tunaweka kila kitu: milango, boneti ya mbele na ya nyuma, madigadi manne, bampa, taa, ngazi za pembeni. Tunaweka hata mipira ya milango, maana mpira mpya ni mnene kuliko ule wa zamani uliolala, na mlango uliokubali bila mpira unaweza kukataa ukiwa nao. Nafasi tunazitafuta ziwe karibu milimita nne, sawasawa kutoka juu hadi chini. Pakihitaji kugongwa, tunagonga sasa. Pakihitaji tundu jipya, tunatoboa sasa. Chuma kisicho na rangi kinasamehe.

Hapa pia ndipo piesi (vipuri) zinapojaribiwa, na kwa Volkswagen jambo hili ni kubwa. Gari hii imetengenezwa zaidi ya milioni 21; Ujerumani iliacha kuunda ile ya paa la chuma mwaka 1978, Afrika Kusini iliiunda Uitenhage hadi 1979, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003. Ndiyo maana hadi leo piesi zinapatikana, nyingine zikipanda kutoka Afrika Kusini hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lakini kwa miaka yote hiyo zilikuwa zinabadilika kimya kimya. Madigadi ya mbele ya gari za miaka ya mwanzo ya 60 hayapokei taa za zile zilizotoka baada ya 1967. Rimu za zamani zina bolti tano, za baadaye zina nne. Na kuna hili la umeme: mtu ana gari ya volti 6, ananunua stata ya volti 12, anaifunga, anasikia chuma kinasagika. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalozungushwa na stata, ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130, na kipenyo si kimoja. Afadhali kuligundua hilo gari ikiwa kavu kuliko siku umewaalika ndugu waje kusikia injini inawaka.

Halafu gari inafunguliwa tena, safari hii kwa utaratibu, kila kundi la bolti katika mfuko wake wenye jina, na bodi inakwenda kupigwa rangi. Kiangazi vumbi ni adui, tunamwaga maji chini kabla ya kupiga. Mvua zikianza mwezi wa Novemba adui ni unyevu. Hayo ni mambo ya fundi wa rangi, hatutaki kumfundisha kazi yake.

Kufunga kwa mara ya pili sasa kunakwenda kwa utulivu, kwa sababu kila kipande kinajua mahali pake. Kinachobaki ni kufuata mpangilio. Sakafu inakamilika kwanza ikiwa bado wazi: kebo za klachi na akseleta zinapitishwa ndani ya tuneli, bomba la petroli linabadilishwa kama limeota kutu, breki zinajazwa mafuta na kukanyagwa kwa nguvu tuone kama kuna panapovuja. Tunasisitiza breki zimalizike bodi ikiwa bado mbali, kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi. Tone moja likibaki usiku kucha kwenye digadi jipya, asubuhi rangi imevimba.

Ndani ya bodi zinatangulia nyaya, kinafuata kitambaa cha dari, vioo vinakuja nyuma yake. Wengi wanageuza. Kitambaa cha dari kinakunjwa na kugundishwa kwenye ukingo wa dirisha, na mpira wa kioo unakuja kukibana pale. Ukitanguliza kioo, utakitoa tena.

Kioo cha mbele chenyewe tunapenda mwenye gari aje akione kinapoingia, maana ni kazi ya kupendeza. Mpira unavalishwa kioo mezani. Kamba nyembamba ya nailoni inalazwa ndani ya mfereji wa mpira, inazunguka pande zote hadi ncha mbili zikutane chini katikati. Maji ya sabuni yanapakwa. Kioo kinabandikwa kutoka nje, ncha za kamba zikiwa ndani ya gari. Mmoja anakaa ndani anavuta kamba polepole kuelekea kwake, na ulimi wa mpira unapanda juu ya ukingo wa chuma sentimita kwa sentimita. Mwingine yuko nje, anagonga kwa kiganja pale pale kamba inapopita. Watu wawili wanaosikilizana wanamaliza bila haraka. Mtu mmoja mwenye bisibisi anavunja kioo.

Sasa kuhusu kukaza. Tunawaomba mnaofunga wenyewe nyumbani mtuelewe vizuri hapa, kwa sababu ni jambo la usalama. Nati kubwa ya gurudumu la nyuma, ile ya spana 36, inataka karibu Newton-mita 300 (Newton-mita ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana ya kawaida haifiki. Kama huna spana ya kupima, ingiza bomba kwenye mkono wa spana likae sambamba na ardhi, na mtu wa kilo 75 asimame juu yake kwa umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye nati. Uzito wake unatoa karibu Newton-mita 295. Tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisipolingana, endelea kukaza hadi tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Nati hiyo ikilegea, meno ya ngoma ya breki yanalika, na siku moja gurudumu linazunguka peke yake bila kuvuta gari.

Kwenye gari hiyo hiyo, chini ya injini, kuna nati sita ndogo zinazoshika sahani ya chujio la oili. Hizo zinataka Newton-mita 7 tu, nguvu ya vidole na kiganja. Chini ya kila moja kuna washa ya shaba, na shaba ndiyo inayoziba, si misuli ya fundi. Boksi la injini hii ni la aloi ya magneziamu, laini. Mwanaume mwenye nguvu akikaza kama anavyokaza gurudumu, bolti inang'oka na nyuzi zake. Katika jiji lililojengwa juu ya shaba, hatuoni sababu ya mtu kurudishia washa za zamani zilizokwisha kubanwa.

Na bolti mpya mzitazame kichwani. Yenye alama ya 8.8 inajulikana nguvu yake. Isiyo na alama yoyote iende kwenye ngazi za pembeni, isiende kwenye usukani, breki wala mikanda ya viti.

Injini yenyewe inashikwa kwenye gia kwa nafasi nne tu, na ndiyo maana watu wanaidharau. Tunakuta imerudishwa vizuri, inawaka mara moja, na baada ya kupanda hadi Kipushi inachemka. Mara nyingi kilichokosekana ni mabati mepesi yanayoizunguka na ukanda wa mpira unaoziba kati ya mabati na bodi. Mwenye gari aliyaona yameoza, akayatupa, akidhani ni mapambo. Injini hii haina maji. Feni inavuta hewa baridi kutoka juu, inaisukuma kwenye silinda, na hewa ikishapata moto inatoka chini. Mabati na ule mpira ndio ukuta kati ya juu na chini. Ukuta usipokuwepo, feni inavuta tena hewa ile ile iliyokwisha kuungua. Ongeza joto letu la Oktoba, na ongeza kwamba tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi na inapoza kidogo kuliko pwani. Hatukabidhi Coccinelle bila mpira huo, hata mteja akisema atauweka mwenyewe baadaye.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza tunatia oili lita mbili na nusu, tunatoa plagi zote, tunaizungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo plagi zinarudi. Baada ya kilomita 500 irudi kwetu: tunamwaga oili, tunapima tena nafasi za vali injini ikiwa baridi, tunapitia kila nati kwa spana ya kupima. Ziara hiyo iko tayari ndani ya bei.

Wenye Peugeot 404 na 504 wanatuuliza kama nao watalipia kufunga kavu. Ndiyo, lakini ni fupi zaidi, kwa kuwa bodi yao haitengani na sakafu. Kazi iko kwenye milango, boneti na mipira. Land Rover za zamani ni ndefu kuliko zote: paneli zake ni za alumini, fremu ni ya chuma, na vikigusana kwenye unyevu alumini inaliwa, hivyo kila mahali vinapokutana tunaweka kizuizi.

Si lazima gari ije garajini. Tunakuja kwenye lupango na vyuma vya kushikilia, spana za kupima na jeki, tunafanya kufunga kavu hapo hapo, na yanayobaki mwenyewe anaweza kuyamaliza pamoja na watoto wake. Sisi turudi kwa breki na injini. Tunachoomba kabla hatujafika ni sakafu ya lupango iliyo sawa, angalau mahali pa magurudumu manne, na msitupe piesi yoyote ya zamani, hata iliyooza. Muhimili uliobaki nusu bado unatuonyesha tundu lilikuwa wapi na pembe ilikunjwa vipi. Piesi mpya ikija haijatobolewa, ile iliyooza ndiyo tutakayoilaza juu yake na kuchora alama.